Deni ulilokwisha kulipa lingali kitabuni: namna ya kusahihisha jina lako



Katika somo lililopita tulizungumza juu ya kuchachusha kakao: masanduku, majani ya ndizi, kugeuza, siku tano mpaka saba. Leo tunatoka shambani kidogo, tunaingia kwenye biro ya kredi. Mtatuuliza: maagronome wanatafuta nini kule? Ni vile masanduku ya kuchachushia na meza za kukaushia zinaombewa kredi, na kredi inaanguka ju ya jina lililoandikwa vibaya kwenye daftari. Tumeliona jambo hili kwa macho yetu hapa Epulu, njo maana tunaliandika.

Kulikuwa wamama watano, wote wanamemba wa kooperative moja, mashamba yao yako ndani ya maeneo yaliyotengwa kwa kilimo. Walitaka kredi ya pamoja kwa ajili ya masanduku na shiti za kukaushia, kabla ya mavuno makubwa. Tuliwasaidia kutengeneza karatasi. Wakapanda moto, wakaenda mpaka mjini. Siku mbili baadaye wakarudi mikono mitupu. Biro ilikuwa imemwambia mmoja wao: "Mama, jina lako liko kwenye orodha mbaya. Ungali na deni la dola 69 na senti 55." Na kwa kuwa kredi ya kikundi inasimamiwa na wote, jina la mmoja likiwa baya, wote watano wanakosa.

Mama alisema neno moja tu: "Nililipa yote." Wenzake walinyamaza. Tuseme ukweli, hata sisi tulikuwa na shaka. Kila mwenye deni anasema alilipa. Lakini Mama alikwenda nyumbani, akaleta mfuko wa plastiki uliofungwa na kamba ya raba. Ndani yake mlikuwa risiti tatu, kipande cha karatasi chenye mwandiko wa kalani, na telefone ya zamani ya mtoto wa dada yake. Tuliketi chini ya mwembe mchana mzima na kalamu.

Deni lake la kwanza lilikuwa dola 200, na pamoja na faida alipaswa kurudisha dola 230, kwa mara tano, kila mara dola 46. Mara ya kwanza na ya pili alilipa dola mkononi, risiti ziko. Mara ya tatu barabara ilikuwa mbaya, akatuma kwa telefone. Lakini yeye hakuwa na konti ya pesa kwenye telefone, kwa hiyo zilitoka kwenye namba ya mtoto wa dada. Mesaje ilikuwa ingali ndani ya telefone ile, na tarehe na namba ya operesheni. Mara ya nne hakupata dola, akalipa franka 105.800. Siku ile dola moja ilikuwa inahesabiwa franka 2.300 pale dirishani, na kalani aliandika kiwango hicho kwenye kile kipande cha karatasi. Hesabu yake: 105.800 kugawa kwa 2.300 ni 46 kamili. Mara ya tano, dola tena, na risiti.

Basi deni lilitoka wapi? Tulimwambia Mama arudi mjini aombe fishi yake ya kredi. Fishi ilipofika, tuliisoma mstari kwa mstari. Malipo ya tatu hayakuwepo kabisa. Pesa zilifika, lakini kwa jina la mtoto wa dada, na kwa kuwa yeye hana deni pale, ziliwekwa kando zikingoja mwenyewe. Malipo ya nne yalikuwepo, lakini yaliandikwa kwenye kitabu kikubwa baadaye, wakati dola ilikuwa imepanda mpaka franka 2.500. Kwa kiwango hicho franka 105.800 zinakuwa dola 42 na senti 32. Zimepotea dola 3 na senti 68. Mkijumlisha na zile 46, mnapata dola 49 na senti 68. Juu yake walikuwa wanapanda faini ya asilimia 2 kila mwezi, na ilikuwa imepita miezi 20. Ni dola 19 na senti 87. Jumla: 69 na senti 55. Ile ile.

Tazameni vizuri jambo hili. Hakuna aliyeiba. Kalani hakukula franka hata moja. Kosa mbili ndogo zililala kitabuni, faini ikazilisha, zikakua. Na Mama hakujua chochote ju ya hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza. Alipomaliza kulipa alikwenda nyumbani kwa furaha, bila kuomba karatasi inayosema kwamba amemaliza.

Jina linasafiri

Zamani deni lilikuwa kati ya watu wawili. Ukikosana na duka hili, unakwenda kwenye duka lingine. Siku hizi sivyo. Kooperative za akiba na kredi (zile tunaita COOPEC) na masharika ya kredi ndogo yanasimamiwa na Banki Kuu ya Congo. COOPEC zina sheria yao ya tarehe 2 Februari 2002, na kredi ndogo sheria ya 15 Septemba 2011. Banki Kuu ina pia mahali pa kukusanya habari za madeni, panaitwa Centrale des Risques: mkopeshaji anatangaza nani anadaiwa na nani hakulipa, na mwingine anaweza kuuliza kabla ya kutoa kredi. Kazi hiyo ni nzuri. Inakinga mtu asikope sehemu tatu kwa mara moja mpaka auze shamba. Lakini kosa likitangazwa, linasafiri na lenyewe. Na hata bila Banki Kuu, mnajua miji yetu: kalani wa biro hii anampigia simu kalani wa biro ile, na orodha ya majina mabaya inapita mkono kwa mkono.

Wenzetu wa Kenya walishaonja jambo hili kwa ukali kuliko sisi. Kule kuna masharika matatu yanayokusanya habari za madeni ya kila mtu, na mikopo ya telefone ilipozidi, watu wengi walijikuta kwenye orodha mbaya kwa pesa kidogo sana. Mwaka 2020 Banki Kuu yao ilikataza kuandika mtu vibaya kwa deni lisilofika shilingi 1.000. Novemba 2022 ikaanzisha tena mpango wa kurekebisha majina: banki zilipunguza angalau nusu ya deni la telefone lililochelewa, ili mtu alipe nusu iliyobaki na atoke kwenye orodha. Mpango huo ulikuwa wa watu wenye deni la kweli. Anayedaiwa kwa kosa hahitaji kupunguziwa, anahitaji kosa lifutwe. Msichanganye hayo mawili mkiingia kwenye biro. Ukiomba "mnipunguzie", umekubali kwamba deni ni lako.

Makosa tunayoyakuta mara nyingi

Kosa la kiwango cha dola mmeshaliona. Hapa kwetu tunakopa kwa dola, tunauza kwa franka, tunalipa kwa chochote kilicho mfukoni, kwa hiyo kosa hili litarudi kila mwaka. Dawa yake ni moja: kila unapolipa franka, risiti iandikwe franka ngapi, kiwango cha siku, na ni dola ngapi zimetoka kwenye deni. Vitu vitatu. Kalani akiandika franka tu, mwambie kwa heshima, "Papa, niandikie na kiwango." Akichelewa, ngoja. Moto itakungoja.

Majina nayo ni msitu. Mtu mmoja ana jina, ana postnomu, ana prenomu. Kwenye karte ya uchaguzi yameandikwa hivi, kwenye kitabu cha kooperative vile, na mpwa wake ana majina mawili yale yale. Tuliona mzee mmoja aliyewekewa deni la kijana wa kijiji kingine kwa sababu hiyo tu. Alikuwa hajawahi kukopa hata siku moja maishani mwake. Siku ya kukopa na siku ya kulipa, toa karte ile ile, na namba yake iandikwe kwenye fishi. Majina yanafanana, namba hazifanani.

Kuna kosa la tatu ambalo sisi maagronome tunalijua kuliko makalani. Ni kulipa kwa kakao. Kooperative nyingi zinatoa avansi kwa mwanamemba, halafu zinakata deni siku ya kuleta mazao. Sasa, kilo 100 za kakao mbichi, ile inatoka kwenye tunda na utelezi wake, zikichachushwa na kukaushwa vizuri zinabaki karibu kilo 35 mpaka 40. Mwanamemba anasema: "Nilileta kilo 100." Kitabu kinasema: "Kilo 38." Wote wawili wanasema kweli! Lakini kama bei iliyotumika ni ya mbichi, na kilo zilizoandikwa ni za kavu, mkulima amelipa deni moja mara mbili na zaidi. Tulikuta kitabu kimoja ambacho ukurasa mzima ulikuwa hivyo, si kwa ubaya, kalani alikuwa mgeni kwenye kazi. Karatasi ya mizani lazima iseme: mbichi au kavu, kilo ngapi, bei gani kwa kilo, na deni limepungua kiasi gani. Mkipata karatasi ya mizani yenye kilo tu, hiyo si karatasi, ni kumbukumbu ya jasho.

Halafu kuna wadhamini. Wengi wenu mmetia kidole kwa ajili ya shemeji au jirani. Akikosa kulipa, jina lako linaandikwa karibu na lake, na hapo si kosa, ulikubali. Lakini akilipa, mara nyingi wanafuta jina lake na kusahau lako. Siku jirani yako anamaliza deni, nenda naye.

Namna ya kufanya

Anza kwa kuomba fishi yako ya kredi, ama hesabu yote ya konti yako, iliyoandikwa. Usikubali kuambiwa kwa mdomo "deni lako ni kiasi fulani". Mtu hawezi kubisha maneno. Nchi yetu ina Kodi ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, ni sheria inayompa kila mtu haki ya kuona habari zake zinazotunzwa na wengine, na kuomba zisahihishwe zikiwa na kosa. Si lazima ulipigie meza neno hilo siku ya kwanza. Lakini ujue kwamba hauombi msaada, unaomba kitu chako.

Ukiisha pata fishi, keti na mtu anayejua kusoma vizuri, mtoto wa sekondari anatosha, mweke risiti zako upande mmoja na fishi upande mwingine. Pitisha kidole mstari kwa mstari. Mnachokubaliana mnakiwekea alama. Msichokubaliana mnakizungushia duara. Hapo mnajua mnabishania nini. Mama wa Epulu alikuwa anabisha deni lote, dola 69. Baada ya kazi hiyo alikuwa anabisha mistari miwili tu, na mistari miwili ina jibu.

Na hapa tuna neno gumu kidogo. Fishi ya Mama ilionyesha pia kwamba malipo ya kwanza yalichelewa siku tisa. Alitaka na hilo tuliandike kwenye malalamiko. Tulimuuliza: "Mama, ulichelewa?" Akacheka, "Ndiyo, kulikuwa matanga." Basi tukaliacha. Lililo kweli linabaki. Ukiweka uongo mmoja kati ya kweli mbili, kalani atashika ule uongo na kuutupa mkono wote.

Kisha barua. Barua, si maneno ya dirishani, kwa sababu kalani anahamishwa na barua inabaki. Ile ya Mama ilikuwa hivi, tumebadilisha vidogo tu:

"Kwa Bwana Meneja. Mimi mwenye konti namba fulani, karte ya uchaguzi namba fulani, nilipokea kredi ya dola 200 mwaka 2022. Fishi yenu inasema nina deni la dola 69,55. Sikubali mistari miwili. Mstari wa kwanza: malipo ya tatu, dola 46, yalitumwa kwa telefone kutoka namba ya mtoto wa dada yangu, tarehe hii, operesheni namba hii. Hayapo kwenye fishi yangu. Mstari wa pili: malipo ya nne, franka 105.800, nililipa siku ambayo kiwango kilikuwa 2.300, ni dola 46. Ninyi mmeandika 42,32. Naomba mambo matatu: msahihishe mistari hii, mfute faini iliyozaliwa na kosa hili, na mnipe karatasi inayosema kwamba sina deni. Naomba pia mwaandikie wote mliowatangazia jina langu. Nimeambatanisha nakala za risiti. Naomba jibu lenu kwa maandishi."

Mnaona hakuna tusi, hakuna machozi, hakuna hadithi ya watoto wanaosoma. Kuna tarehe, namba na hesabu. Kama biro inataka Kifaransa, sekreteri wa kooperative aigeuze, lakini mwenyewe asomewe kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi ama kidole.

Andika nakala mbili. Moja wanabaki nayo. Ya pili wanaiwekea kashe, tarehe na jina la aliyepokea, unarudi nayo nyumbani. Bila kashe, kesho watasema hawajaiona. Na kamwe, kamwe usiache risiti ya asili. Acha fotokopi. Kama hakuna umeme wa mashine siku hiyo, piga picha kwa telefone, rudi siku nyingine. Tunalirudia hili ju ya papa mmoja alitoa risiti zake zote nne juu ya meza, kwa imani, na mpaka leo hazijaonekana.

Sisi wa Epulu hatuhitaji kufundishwa maana ya kupoteza karatasi. Wengi wenu mnakumbuka Juni 2012, wakati kituo cha okapi kilishambuliwa, watu wakauawa, okapi 14 wakafa, na watu wakakimbilia porini na upande wa Mambasa. Anayekimbia anabeba mtoto na sufuria, habebi risiti. Kwa hiyo, picha ya kila risiti ikae kwenye telefone mbili, yako na ya mtu anayeishi mahali pengine. Na kooperative iwe na kitabu cha pili, kinachonakiliwa kila mwisho wa mwezi na kutunzwa nje ya biro. Ni kazi ya saa mbili. Makomite mengi yanatuambia yatafanya, halafu msimu unaanza.

Wakikataa, ama wakinyamaza

Marekani, sheria ya mwaka 1970 inasema ofisi inayotunza habari za madeni ikipokea malalamiko lazima ichunguze, kwa kawaida ndani ya siku 30, na isipoweza kuthibitisha lazima ifute. Huku kwetu usihesabu juu ya siku za Marekani. Weka wewe mwenyewe tarehe. Sisi tunashauri mwezi mmoja, kisha barua ya pili, fupi, yenye nakala ya ile ya kwanza na kashe yake.

Kama mkopeshaji ni COOPEC, usisahau kwamba wewe ni mwanamemba pale, si mteja tu. Kuna mkutano mkuu, kuna baraza la uongozi, na kuna baraza la kuchunguza hesabu ambalo kazi yake ni hii hii. Waandikie hao. Watu wengi hawajui hata majina yao. Kama deni ni la kooperative yetu wenyewe, ya kakao ama ya kahawa, sheria ya OHADA ya tarehe 15 Desemba 2010, ambayo nchi yetu inaifuata tangu ilipoingia OHADA mwaka 2012, inataka hesabu za kila mwaka zipelekwe mbele ya mkutano mkuu. Pale unasimama na kuuliza. Baada ya hapo kuna Banki Kuu, kwa barua, na nakala za barua zote zilizotangulia. Tunajua ni safari ndefu. Kutoka Epulu mpaka Bunia ni zaidi ya kilomita 200 na barabara mnaijua. Hii njo sababu kooperative ibebe malalamiko ya wanamemba wote kwa safari moja, mtu mmoja aliyechaguliwa, na bahasha moja kwa kila jina. Mtu mmoja akienda kwa ajili ya dola 69 anatumia nyingi za hizo njiani.

Mtakutana pia na watu wa aina nyingine. Wanakaa karibu na mlango wa biro, wamevaa vizuri, wanasema: "Nipe dola 20, nitakata jina lako kwenye kompyuta." Msiwape kitu. Kama deni ni la kweli hawezi kulikata, na kama ni kosa unalikata mwenyewe kwa barua. Ujanja huu si wa hapa tu: Marekani walilazimika kuweka sheria mwaka 1996 inayokataza watu wa namna hiyo kupokea pesa kabla ya kufanya kazi waliyoahidi.

Kuna kitu tungependa kooperative zichukue kutoka vikundi vya AVEC, ambavyo wamama wengi wenu mnavijua vizuri kutushinda. Mtindo huo wa akiba ulianza Niger mwaka 1991 na shirika la CARE: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, kitabu kidogo cha kila memba, na mwisho wa kikao kinachobaki kinatajwa kwa sauti mbele ya wote. Kule kosa haliishi miezi 20. Linakufa wiki ile ile, ju memba mmoja atasema, "Hapana, si hivyo." Kwenye kooperative zetu mtu anaona hesabu yake mara moja kwa mwaka, akiiona. Kila mwanamemba angepewa fishi yake baada ya kila msimu, aisome, atie kidole, Mama yule asingepanda moto mara nne. Wengine wanasema ni aibu deni la mtu kujulikana. Sawa, fishi ipewe mwenyewe tu, ndani ya biro, si kwenye ukuta.

Mama na wenzake

Biro ilijibu baada ya wiki saba. Walipata dola 46 pale zilipokuwa zimelala, wakarekebisha kiwango, wakafuta faini yote. Meneja, tumshukuru, alitia sahihi karatasi inayosema hana deni. Tukafikiri mambo yamekwisha. Wamama wakaenda kuomba kredi kwenye biro ya pili, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imemaliza pesa za msimu, na kule jina la Mama lilikuwa lingali baya! Orodha ya zamani ilikuwa imeshafika kabla ya masahihisho. Ilibidi kurudi, kuomba biro ya kwanza iandike rasmi kwa ya pili, na Mama akabeba nakala mkononi mwake mwenyewe. Kwa hiyo mstari ule wa barua unaosema "mwaandikie wote mliowatangazia" msiusahau. Na mkipata karatasi ya kutokuwa na deni, itunzeni miaka, si wiki.

Kredi ilitoka wakati nusu ya mavuno ilikuwa imeshauzwa mbichi, shambani, kwa bei ya mnunuzi. Mmoja wa wale watano alikuwa ameshauza hata matunda yaliyokuwa yangali juu ya mti. Nusu iliyobaki iliingia kwenye masanduku mapya, na kakao ilikauka vizuri, tuliipima sisi wenyewe, haikupita asilimia 8 ya maji.

Siku ya mkutano ujao tutakuwa Epulu na meza, kalamu na mashine ya kuhesabu. Mwenye fishi aje na fishi, mwenye risiti aje na risiti, mwenye karatasi za mizani za msimu uliopita azilete hata zikiwa zimechanika. Wasio na fishi tutawaandikia barua ya kuiomba pale pale. Tafadhali wapapa, msitume watoto, njooni wenyewe na karte zenu.